Wale Kumi na Mmoja Waliotumwa Maji

Uliwaona. Usinizungushe. Jumanne, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma, watoto kumi na mmoja wa darasa la tatu walipita mbele ya duka lako na mitungi mikononi, sare za shule mwilini, na wewe ukageuka ukaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Kibanda changu cha kushona viatu kinatazamana na duka lako. Sina mlango wala pazia. Nilikuona.

Mmoja wa wale watoto ni Igoki, mjukuu wangu, ana miaka tisa. Kesho, Ijumaa, anatolewa shuleni pamoja na wenzake kumi kwa sababu hawajui kusoma vizuri. Hebu rudia hayo maneno polepole. Mtoto anatolewa shuleni kwa sababu hajui kusoma. Halafu mnasema mimi ndiye mwenye kelele hapa Siakago.

Shule sitaitaja. Unaijua, mtoto wako yuko huko, tena yuko kwenye wale ishirini wa mbele wanaojua kusoma, ndiyo maana usingizi wako ni mzuri. Na huu mchezo wa maji si wa jana. Mwaka 1973 mimi nilikuwa darasa la tatu hapo hapo. Inspekta alikuja na Land Rover ya serikali, na kabla hajateremka, mwalimu wetu Mbaabu alitunyooshea fimbo sisi sita: "Nyinyi, debe, mtoni." Tukaenda. Tuliporudi inspekta alikuwa ameshasifu darasa, amekunywa chai, ameondoka. Muhula uliofuata, mtoni tena. Mara ya tatu nilichota maji nikayapeleka kwa mama yangu nyumbani, na shule ikawa imeisha. Hakuna aliyekuja kuuliza. Kusoma nilijifunzia kwa Saad, yule mwenye bucha, kwa magazeti aliyofungia watu nyama. Habari za nchi hii nilizisoma zikiwa na damu, na nyingine zilikatika katikati kwa sababu mteja alichukua nusu ya ukurasa na maini yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wametumwa maji, mimi najua wametumwa nini.

Sasa hedimasta wa leo ni Gitari. Unamjua, yule anayetembea kana kwamba amemeza ufito. Gitari hasemi "debe, mtoni." Yeye ana elimu. Anasema "kikosi cha usafi." Wageni wakija, kikosi cha usafi kinatoka, na cha ajabu ni kwamba kikosi hicho hakina hata mtoto mmoja anayejua kusoma. Usafi wenyewe ni huo. Kinachofagiliwa ni wao.

Mwaka juzi, masista wa misheni walitaka mwalimu mmoja wa kumpeleka ng'ambo. Wana chuo cha walimu huko Peru, juu milimani. Walitaka mtu akae mwaka mzima: ajifunze Kihispania, akae nyuma ya madarasa atazame wengine wanavyofundisha, kisha arudi. Gitari alimtoa Madam Makandi. Kwa nini Makandi? Kwa sababu hakuwa na mume wa kubishana, na kwa sababu yeye ni Mmeru wa kule Kiirua, si wa hapa, kwa hiyo akipotea hakuna ukoo wa kuja kumshika Gitari shati. Alichinjiwa mbuzi. Rwamba, mwenyekiti wa komiti ya shule, akatoa hotuba ndefu kuliko safari yenyewe.

Akaenda. Mwaka ukapita. Siku anarudi walitundika kitambaa langoni: KARIBU NYUMBANI MADAM MAKANDI KUTOKA UHISPANIA.

"Mwalimu," akamwambia Gitari, bado na begi mkononi, "nilikuwa Peru."

"Si wanaongea Kihispania?"

"Wanaongea."

"Basi ni hapo tu. Ingia ule."

Kitambaa kilikaa langoni wiki tano. Hakuna mtu aliyekisahihisha, katika shule yenye walimu kumi na wanne.

Wiki moja baadaye Makandi aliniletea kiatu. Kisigino kilikuwa kimeng'oka. Alikaa kwenye boksi langu la wateja, mguu mmoja juu ya gazeti.

"Mzee Kivuti, hiki kitapona?"

"Kitapona ukiacha kukimbia. Huko Uhispania walikuwa wanakukimbiza?"

"Peru."

"Najua. Nilitaka kuona kama bado unasahihisha watu."

Akacheka. Nikampima kwa macho: mwalimu, amepanda ndege, sasa atanieleza vile barabara za huko ni safi. Watu wetu wakirudi ng'ambo huwa na habari moja tu, usafi wa barabara. Nikasubiri nianze kumdharau.

"Waliniweka darasa la kwanza, mzee," akasema.

"Kufundisha?"

"Kukaa. Sikuwa na neno hata moja la Kihispania. Wakasema basi kaa na wale wanaoanza. Nikakaa na watoto wa miaka sita, magoti yamefika kidevuni."

"Na ukubwa huo!"

"Na ukubwa huu. Na nilikuwa wa mwisho. Si karibu na mwisho. Wa mwisho kabisa."

Akanieleza kwamba wale watoto nyumbani wanaongea Kiquechua, na mwalimu wao, mama mmoja aitwaye Eulalia, alikuwa akiwafundisha herufi kwa Kiquechua kwanza, na Kihispania kikiingia kidogokidogo kando yake. Kwa hiyo wao walikuwa na pa kukanyaga. Yeye hakuwa na hiki wala kile. Akapewa msichana mmoja, Yesenia, meno ya mbele hana, wa kumshika kidole na kukiongoza juu ya mstari.

"Nikikosea alikuwa ananipigia ulimi, tch! Kama mama mkwe. Tena jioni ananingoja langoni anipime kama nimesahau."

"Na ulikuwa umesahau?"

"Kila siku. Ila viazi. Majina ya viazi nilishika upesi, wanayo mengi kutushinda, na sisi watu wa Kiirua tunajiona." Akatazama mguu wake. "Mzee, kuna kitu kimoja sijamwambia mtu."

Nikaendelea kupiga nyundo, polepole, ili aseme.

"Siku moja walikuja wakubwa kutoka ofisi ya elimu ya huko. Watatu, na makoti. Mimi nikasimama. Nikachukua ndoo iliyokuwa kando ya mlango, nikatoka nje."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, mzee. Miguu ilijua yenyewe. Wageni wamekuja, mimi ndiye mjinga wa darasa, kwa hiyo nakwenda maji. Eulalia akanifuata mpaka kwenye bomba. Akaniuliza, unakwenda wapi na ndoo yangu? Nikamwambia, wageni wamekuja na mimi sijui kusoma. Hakuelewa. Nikarudia. Hakuelewa. Nikarudia mara ya tatu, polepole, akadhani ni Kihispania changu kibovu. Halafu akasema, kama hujui kusoma si ndiyo uingie, wakuone? Akachukua ndoo akaimwaga. Hakuwa amekasirika hata. Alikuwa tu haelewi ninachosema."

Nyundo ikasimama. Nikamuuliza nilichokuwa nacho rohoni tangu alipotaja ndoo.

"Igoki umeshawahi kumtuma?"

Akaanza kulinyoosha lile gazeti kwa kidole cha mguu.

"Madam. Nakuuliza mjukuu wangu."

"Mara mbili. Alipokuwa darasa la kwanza, kabla sijasafiri."

Nikamrudishia kiatu, kisigino kimeshikwa na msumari mmoja. Nikamwambia aende. Akaenda anachechemea kuvuka soko, na mimi nikaona vizuri. Nilimdharau. Ilibidi avuke bahari, akae kwenye kiti cha mtoto, atiwe aibu na msichana asiye na meno, ndipo aone kitu ambacho Igoki angemweleza bure kule mtoni. Mwalimu! Bado namdharau kidogo, sitakudanganya.

Lakini mara zile mbili Igoki alipita hapa na mtungi. Nami nilikuwa nimekaa hapa hapa. Mara ya kwanza alisema, "Babu, tumetumwa maji," nikampa andazi. Mara ya pili hakusema kitu, nami nikampa andazi. Mimi, Kivuti, ninayebandika maneno kwenye makatoni kila wiki kuwatukana madiwani, nilimpa mtoto andazi la kwenda nalo pale pale waliponipeleka mimi. Kwa hiyo ukiona nakutazama vibaya ujue najua ninachokitazama.

Makandi alirudi asubuhi yake na kiatu kile kile. Hakuomba msamaha, na vizuri hakuomba. Alisema, "Malizia kisigino. Na uniambie, kwa Kimbeere chenu cha nyumbani mnaitaje hiki, na hiki, na hiki." Akawa ananyoosha kidole: mlango, mbuzi, moshi. Alikuwa ameamua kufanya na wale kumi na mmoja kama alivyofanyiwa na Eulalia. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliwakalisha kwenye veranda ya darasa, wakaanza upya, herufi kwa maneno ya nyumbani kwanza, kisha Kiswahili. Kimbeere chake, Mungu amsamehe, ni cha mtu anayetafuna kiazi cha moto. Watoto wakawa wanamsahihisha. Igoki alikuwa anarudi nyumbani anacheka: "Babu, leo madam amesema mbuzi imemkamua mama!" Nilikuwa sijamsikia huyo mtoto akitaja shule akicheka.

Gitari akamwita ofisini. Ofisi ina dirisha lililovunjika, kwa hiyo nusu ya shule ilisikia.

"Tumekupeleka ng'ambo ulete Kihispania, wewe umetuletea Kimbeere?"

"Mwalimu, wanaanza kusoma."

"Nani? Hao? Hao watatushusha kwenye mtihani wakiwa na Kimbeere na wakiwa na Kilatini. Masista wanakuja mwezi ujao. Nataka wimbo. Kihispania. Watoto ishirini, wasafi."

Wimbo akapewa. Makandi aliufundisha, na kwa hilo pia simsamehi haraka. Wale ishirini waliushika kwa siku nne, kama wanavyoshika kila kitu, bila kuuliza kina maana gani.

Tukafika Jumanne. Asubuhi Gitari alisoma majina kumi na moja gwaride likiwa limesimama. Kikosi cha usafi. Makandi alikuwa langoni akipokea wageni, hakusikia. Watoto wakatolewa kwa njia ya nyuma, wakapita mbele ya duka lako, wakapita mbele yangu. Igoki hakunitazama. Nami nilikuwa na soli mkononi, gundi imeshapakwa, na nitakwambia ukweli: niliendelea kuibana ile soli ili gundi ishike.

Kisha nikasikia viatu. Madam Makandi anakimbia barabarani mbele ya watu, sketi imeshikwa kwa mkono, anaita, "Igoki! Nyote! Rudini!" Alikuwa ameingia darasani na wageni, akakuta viti kumi na kimoja vitupu, akawaacha wageni wamesimama. Aliponipita hakusimama. Alisema tu, "Mzee, mbona umekaa?"

Nikaiacha soli. Nikawafuata. Nilisimama dirishani, na haya yote niliyaona kwa macho yangu.

Wageni walikuwa wawili: Sista Consuelo, mkuu wa masista, na bwana mmoja mwenye tai. Wale ishirini walisimama wakaimba. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Sista akapendezwa, akainama kwa kijana wa kwanza akamuuliza kitu kwa Kihispania, kifupi, kwa upole. Kijana akamtazama Gitari. Gitari akatikisa kichwa kwamba ajibu. Kijana akaimba ubeti wa pili. Makandi aliniambia baadaye kwamba kijana alikuwa ameulizwa jina lake tu.

Wale kumi na mmoja wakaingia na mitungi yao mitupu, wakakaa. Gitari alikuwa amevimba shingo. Bwana wa tai akauliza, "Hawa wametoka wapi?"

"Ni wanafunzi wangu," akasema Makandi. "Hawa ndio wanaojifunza kusoma. Igoki, njoo."

Alikuwa na katoni limeandikwa mistari minne kwa kalamu nene, habari ya mbuzi aliyekula sare ya shule. Igoki akashika katoni. Mstari wa kwanza ukachukua muda. Kidole chake kilikuwa kinatembea, kinasimama, kinarudi nyuma, kinatembea tena. Wa pili, akakwama katikati, mmoja wa wale ishirini akacheka kwa pua. Gitari akasema, "Asante, inatosha, kaa."

"Hajamaliza, mwalimu," akasema Makandi.

"Wageni wana safari."

"Hajamaliza."

Igoki akaendelea. Akafika mwisho wa mstari wa tatu. Kwa wa nne akajaribu neno la kwanza mara mbili, kisha akalishusha katoni, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sukuma wiki, "Huu siujui, madam."

"Haya," akasema Makandi. "Huo ni wa kesho."

Hakuna aliyepiga makofi. Sista aliandika kitu kwenye daftari lake, bwana wa tai akatazama saa, wakaenda kunywa chai. Usitarajie nikuambie Sista alilia. Alikunywa chai, akala chapati mbili, akaondoka.

Jana, Jumatano, komiti ikakaa. Ulikuwepo, benchi la tatu, ulivaa kofia. Rwamba akasema shule ni jina, na jina limepakwa matope mbele ya wageni. Akasema watoto kumi na mmoja watafutiwe shule "inayowafaa," kuanzia Ijumaa, na Madam Makandi aombewe uhamisho. Nikasimama nikamuuliza shule inayomfaa mtoto asiyejua kusoma ni ipi, kama si ile inayofundisha kusoma. Gitari akatabasamu.

"Mzee Kivuti, wewe uliachia masomo wapi?"

"Darasa la tatu. Mtoni."

Mkacheka. Nyote. Rwamba alifuta machozi kwa leso. Sikuwa nimefanya mzaha.

Kisha kura, kwa mikono. Binti yangu Kagure, mama yake Igoki, hupika githeri, mahindi na maharagwe ya watoto, hapo shuleni. Gitari alisimama karibu na benchi lake wakati wa kuhesabu mikono. Kagure hakuinua wa ndiyo wala wa hapana. Aliiweka mikono yote miwili mapajani akaitazama kama si yake. Simlaumu sana, jiko lile ndilo linalomlisha Igoki. Wewe je? Wewe hupiki githeri. Una duka, una pikipiki, mtoto wako anaimba kwa lugha asiyoijua. Wewe uliinua mkono mpaka kwapa likaonekana. Ulipotoka nje ukanishika bega: "Mzee, ningefanyaje?" Hilo ndilo swali la watu wa hapa. Mnaliuliza baada ya jambo, hamliulizi kabla yake, kwa sababu kabla yake lina jibu.

Jibu ndilo hili, na nitakupa bure.

Jioni hii Makandi amepita hapa. Ameambiwa kesho asiwafungulie wale kumi na mmoja. Amesema atawafungulia. Ninamdharau kidogo, nilishakwambia, lakini huyo amesema atawafungulia, na wewe hujasema lolote. Akisimama peke yake mlangoni, Gitari atamwondoa kabla ya saa nne na orodha yake itapita. Darasa likiwa na wazazi waliokaa nyuma, kimya, wakitazama, hawezi kuwatoa watoto kutoka mikononi mwa watu wazima. Sheria inawapa watoto hawa darasa. Na Gitari anawajua wazazi wetu, anajua hawatakuja. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma na Igoki atakuwa amekaa mbele. Mzee mmoja fundi viatu wanamtoa. Wazazi ishirini hawawatoi.

Lango linafunguliwa saa moja na nusu. Duka lako linaweza kukaa limefungwa asubuhi moja, mchele hautaoza. Usilete hotuba, usilete soda. Lete kiti chako, kwa sababu viti vya darasa la tatu ni vidogo na wewe ni mnene.

Lakini usingoje kesho. Jua bado halijazama. Mtoto wa saba kwenye ile orodha ni wa Nyaga, pale nyuma ya posho mili, kwenye kinu cha unga, na Nyaga ameshaanza kukunja sare ya binti yake aigawe kwa ndugu, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia kwamba hayuko peke yake. Funga ukurasa huu. Vuka barabara. Mwambie Nyaga aikunjue ile sare, na kwamba saa moja na nusu mtaingia pamoja. Nenda sasa.